Protini-G: Swichi ya seli inayotakiwa kujizima yenyewe

MTU mzima aliyeshikwa na kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Asubuhi alikuwa mzima, akaenda kazini; jioni macho yamezama, ngozi ya vidole imekunjamana, sauti imekauka na mapigo ya moyo hayapapasiki tena kwenye kifundo cha mkono. Hata hivyo, ukuta wa utumbo wake ukitazamwa kwa hadubini hauonyeshi jeraha la maana. Bakteria hawakuutoboa wala hawakuula. Kilichotokea ni kwamba ndani ya seli za utumbo huo kuna protini moja iliyowashwa, ikashindwa kuzimika.

Protini hiyo ni mojawapo ya kundi ambalo wanasayansi huliita protini-G. Ni nadra kutajwa katika mazungumzo ya kawaida ya afya, ilhali hakuna saa inayopita bila mwili kuzitumia. Moyo unapodunda haraka kwa hofu, jicho linapoona mwanga wa mshumaa, pua inaponusa karafuu, mgonjwa wa pumu anapovuta dawa yake na kifua kikafunguka, kazi ya kupeleka habari kutoka nje ya seli hadi ndani hufanywa na protini hizi. Makala haya yanaeleza namna zinavyofanya kazi, na zaidi ya hapo, yale yanayotokea pale kazi yao inapokosa mwisho.

Mgeni asiyeingia ndani

Kila seli ya mwili wa binadamu imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ni ukuta na mlango kwa wakati mmoja, na homoni nyingi hazina ruhusa ya kuupita. Adrenalini, mathalani, humwagwa katika damu na tezi zilizo juu ya figo, husafiri hadi kwenye ini au moyo, kisha hubisha hodi tu. Haiingii. Huacha ujumbe mlangoni na kuondoka.

Anayeupokea ujumbe huo ni kipokezi, protini ndefu iliyosukwa katika utando huo kwa kuupenya mara saba, kama uzi unaopita na kurudi kwenye kitambaa. Sehemu yake moja iko nje, nyingine iko ndani. Binadamu ana vipokezi vya jinsi hii vipatavyo 800, na karibu nusu yake ni vya kunusa. Homoni ikikaa upande wa nje, kipokezi hujipinda, na mpindo huo husikika upande wa ndani.

Huko ndani ndiko protini-G inakokaa ikisubiri. Imeundwa kwa vipande vitatu vilivyopewa majina ya herufi za Kigiriki, yaani alfa, beta na gama. Katika hali ya utulivu, kipande cha alfa huwa kimeshika molekuli ndogo ijulikanayo kwa kifupi kama GDP. Kipokezi kinapojipinda, alfa huiachia GDP na kudaka nyingine iitwayo GTP, ambayo inatofautiana na ile ya kwanza kwa fosfeti moja tu ya ziada. Herufi G katika jina la protini hizi imetokana na molekuli hizo. Kwa kuishika GTP, alfa hubadilika umbo, hujitenga na wenzake na kwenda kugusa kimeng'enya kilicho jirani. Hapo ndipo tunaposema swichi imewaka.

Sasa inakuja sehemu ambayo aghalabu hurukwa katika maelezo ya kawaida, nayo ndiyo kiini cha mambo yote yatakayofuata. Alfa haingoji mtu wa kuja kuizima. Yenyewe ina uwezo wa kuikata ile fosfeti ya ziada, na kwa kufanya hivyo GTP hugeuka kuwa GDP, umbo hurejea kama lilivyokuwa, na vipande vyote vitatu huungana tena. Msomaji aliyewahi kunawa katika choo cha uwanja wa ndege au cha hospitali kubwa anayajua yale mabomba ya kubonyeza: unabonyeza, maji yanatoka kwa sekunde chache, kisha bomba linajifunga bila kuguswa. Protini-G ni bomba la namna hiyo. Anayebonyeza ni homoni; anayefunga ni bomba lenyewe.

Katika muda huo mfupi wa kuwaka, mengi hutendeka. Aina ya protini-G iitwayo Gs, ambayo tutakutana nayo mara nyingi hapa, huamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli nyingi za mjumbe mwingine aitwaye AMP ya mzunguko. Mjumbe huyo naye huamsha vimeng'enya vya jamii ya kinasi, ambavyo kazi yao ni kuzibandika fosfeti protini nyingine ili zianze au ziache kazi. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500. Kwa njia hii molekuli chache za adrenalini zilizobisha hodi kwenye ini huishia kufungua ghala zima la sukari, na mtu aliyekuwa amekaa anapata nguvu ya kukimbia.

Uchafu katika chupa

Mlolongo huu haukugunduliwa kwa siku moja wala na mtu mmoja. Mmarekani Earl Sutherland ndiye aliyeitambua AMP ya mzunguko katika miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza namna adrenalini inavyolifanya ini litoe sukari, akatunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1971. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, Edwin Krebs na Edmond Fischer, wakiwa Seattle, walionyesha kwamba kubandika na kubandua fosfeti ndiyo njia ya kuziamsha na kuzilaza protini. Tuzo yao ilichelewa hadi mwaka 1992.

Lakini kati ya kipokezi na kimeng'enya palikuwa na pengo. Wengi walidhani kwamba vitu hivyo viwili vimeshikana moja kwa moja. Martin Rodbell, wa taasisi za taifa za afya za Marekani zilizoko Bethesda, hakuridhika. Alikuwa mpenzi wa fikra za mawasiliano na kompyuta, akajenga hoja kwamba lazima pawe na kitu cha tatu katikati, kinachopokea habari kwa lugha moja na kuitoa kwa nyingine.

Ushahidi aliupata kwa njia ambayo kila mfanyakazi wa maabara ataifurahia. Rodbell na wenzake walikuwa wakitumia kemikali iitwayo ATP katika majaribio yao na utando wa seli za ini. Matokeo yalikuja vizuri. Walipotumia ATP iliyosafishwa zaidi, mambo yakagoma. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa na uchafu, na uchafu wenyewe ulikuwa GTP. Bila GTP, homoni ilibisha hodi bure. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa dhahiri kwamba mtu wa kati yupo, ingawa hakuna aliyewahi kumwona.

Aliyemtia mkononi ni Alfred Gilman na kundi lake katika Chuo Kikuu cha Virginia. Walitumia seli za saratani za panya zenye hitilafu: zilikuwa na kipokezi, lakini ukizipa homoni hazikuitika. Walipozichanganyia dondoo kutoka seli nzima, utando wao ukaanza kuitika. Kitu kilichokuwa kimekosekana kikasafishwa hatua kwa hatua, na mwaka 1980 kikapatikana peke yake. Ndiyo Gs. Rodbell na Gilman waligawana Tuzo ya Nobeli mwaka 1994.

Sumu iliyovunja kifungio

Tuirudie sasa habari ya kipindupindu, maana ndugu hawa wawili, ugonjwa na protini, wamesaidiana kujulikana.

Robert Koch aliwatambua bakteria wa kipindupindu katika safari zake za Misri na India miaka ya 1883 na 1884, na akahisi kwamba wanatoa sumu. Ilichukua miaka 75 kabla ya hisia hiyo kuthibitishwa. Aliyeithibitisha ni Sambhu Nath De, daktari wa Calcutta, mwaka 1959. Alifunga kipande cha utumbo wa sungura pande zote mbili, akaingiza maji yaliyochujwa kutoka katika mmea wa bakteria hao, yasiyo na bakteria hata mmoja. Kipande kikajaa maji na kuvimba. Jaribio lilikuwa la gharama ndogo na la akili nyingi. De alifariki mwaka 1985 bila Nobeli, na kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ni doa kwa watoa tuzo kuliko kwa daktari huyo.

Sumu yenyewe ina sehemu mbili. Ipo pete ya vipande vitano inayong'ang'ania utando wa seli ya utumbo mwembamba, na kipo kipande kimoja kinachopenya hadi ndani. Hicho cha pili kikifika ndani huitafuta Gs. Kikiipata, hubandika kipande cha kemikali mahali pamoja maalumu, kwenye asidi amino iitwayo arginini ambayo katika hesabu ya mlolongo wa protini hiyo ni ya 201. Wala hakuna haja ya kwenda kwingine. Arginini hiyo ndiyo inayosaidia kuikata fosfeti ya GTP. Ikishaharibiwa, Gs inaweza kuwaka, lakini haiwezi kujizima. Dan Cassel na Zvi Selinger wa Jerusalem walilionyesha jambo hili mwaka 1977, hata kabla Gs haijasafishwa: sumu ya kipindupindu haiongezi nguvu ya kuwasha, bali inavunja kifungio.

Yanayofuata ni mantiki tupu. Gs inaendelea kuamuru, AMP ya mzunguko inafurika ndani ya seli, kinasi zinaamka na kuvifungua vijia vya kloraidi vilivyo upande wa ndani ya utumbo. Chumvi inatoka, na maji huifuata chumvi. Bomba la kubonyeza limekwama likiwa wazi. Kuhara huku hakukomi hadi seli zilizotiwa sumu zichakae na kubanduka zenyewe, nafasi yake ichukuliwe na mpya, jambo ambalo kwenye utumbo huchukua siku chache. Kwa hiyo swali la tiba ni moja: mgonjwa ataishije hadi siku hizo zipite?

Asiyetibiwa akiwa na kipindupindu kikali anaweza kuwa na nafasi ya nusu kwa nusu. Anayerudishiwa maji na chumvi mapema, uwezekano wa kufa hushuka chini ya asilimia moja. Tofauti hiyo kubwa inatokana na bahati moja ya maumbile. Utumbo una mlango mwingine wa kuingizia chumvi, ambao hautegemei Gs hata kidogo. Ni protini inayobeba sodiamu pamoja na glukosi kwa pamoja. Moja haiingii bila nyingine. Robert Crane aliueleza ushirika huo mwaka 1960, na sumu ya kipindupindu haiugusi. Mgonjwa akinywa maji yenye chumvi peke yake, hayamfai sana. Yakiwa na chumvi na sukari kwa kipimo, yanaingia kwa mlango huo wa pili, hata kama mlango wa kwanza unaendelea kumwaga.

Ndiyo asili ya dawa ya ORS inayouzwa katika pakiti na kutolewa katika vituo vya afya. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh iliyokuwa Bangaon nchini India, dripu zilipokwisha, Dk. Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo kwa vikombe, wahudumu wakiwa ndugu zao. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia nne. Pakiti ya sasa ya Shirika la Afya Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2002, ina gramu 2.6 za chumvi ya mezani, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloraidi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti, kwa lita moja ya maji safi. Pakiti isipopatikana, kipimo cha nyumbani ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, kwa lita moja. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Mgonjwa anyweshwe akiwa njiani kwenda kituo cha afya, si badala ya kwenda.

Kwa pwani yetu hizi si habari za mbali. Dk. James Christie, tabibu aliyehudumu Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, baada ya kushuhudia ule wa 1869 na 1870 ulioua maelfu ya watu kisiwani humo. Wimbi la saba la dunia, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, liligusa bara la Afrika mwaka 1970 na halijaondoka hadi leo. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi ya Tanzania. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila mwaka ulimwenguni watu kati ya milioni 1.3 na milioni nne huugua, na kati ya 21,000 na 143,000 hufa. Upana wa makadirio hayo wenyewe unasema kitu: wengi huugua na kufa bila kuandikwa popote.

Kifaduro, ugonjwa wa kikohozi ambao watoto huchanjwa dhidi yake, una sumu ya ukoo huo huo, isipokuwa yenyewe hushambulia protini-G nyingine, iitwayo Gi, ambayo kazi yake ni kutuliza pale Gs inapochochea. Sumu ya kifaduro huikata Gi mawasiliano na kipokezi, na breki ikikosa kusikia amri, gari huenda.

Kosa lile lile bila bakteria

Kinachomshangaza mtu zaidi ni kwamba mahali pale pale ambapo sumu ya kipindupindu hupagusa, yaani arginini ya 201, huweza kuharibika pasipo bakteria yeyote. Mwaka 1991 watafiti waliripoti kwamba watu wenye ugonjwa adimu uitwao McCune-Albright wana kosa la jeni katika nafasi hiyo hasa. Kosa hutokea mtoto akiwa bado tumboni, katika seli moja, na watoto wa seli hiyo hulirithi. Kwa hiyo sehemu fulani za mwili huwa na Gs isiyozimika na nyingine huwa sawa. Matokeo yake ni madoa ya rangi ya maziwa na kahawa katika ngozi, mifupa dhaifu inayovunjika mara kwa mara, na mtoto wa kike kuingia hedhini akiwa na miaka michache tu, kwa sababu ovari zake zinatenda kana kwamba zinapokea amri ambayo hakuna aliyeitoa. Makosa ya namna hiyo hiyo yamepatikana katika baadhi ya uvimbe wa tezi ya chini ya ubongo unaomwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi.

Kwa upande mwingine, kuna sehemu za mwili ambako hata kujizima kwa sekunde chache ni uzembe. Jicho ni mojawapo. Kama kila mwali wa mwanga ungeacha alama kwa sekunde kumi, tusingeweza kumwona kuku akivuka barabara. Hapo huingia kundi jingine la protini, lililotambuliwa katikati ya miaka ya 1990, zijulikanazo kama RGS. Kazi yake ni kuikamata alfa iliyowaka na kuisaidia kukata fosfeti upesi zaidi. Mwaka 2004 walielezwa wagonjwa waliozaliwa bila RGS timamu ya jicho, au bila protini inayoishikilia mahali pake. Hawakuwa vipofu. Walisoma, walitambua watu. Lakini wakitoka ndani kuingia juani walipofuka kwa muda, na mpira uliorushwa hawakuuona ukija. Macho yao yaliona vizuri, yalichelewa kusahau.

Kipokezi nacho kina breki yake. Kikigongwa kwa muda mrefu hubandikwa fosfeti, kisha protini iitwayo arestini hukikalia na kuziba njia. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka, waliopata Nobeli ya kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya vipokezi hivi, ni miongoni mwa walioyafafanua mambo haya. Huku kuchoka kwa kipokezi ni moja ya sababu za madaktari kumwonya mgonjwa wa pumu asitegemee kipulizo cha salbutamoli peke yake mchana na usiku. Dawa hiyo, kwa njia, huiamsha Gs ile ile ya kipindupindu, ila katika misuli ya njia za hewa, ambako hulegeza badala ya kumwaga maji. Takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa duniani hufanya kazi kupitia vipokezi vya jamii hii. Hata kafeini ya kikombe cha kahawa ya barazani hukalia kimojawapo na kukizuia kisipokee ujumbe wa uchovu.

Mdogo wao aitwaye RAS

Protini-G zina jamaa mdogo, mwenye kipande kimoja badala ya vitatu, anayefuata kanuni ile ile ya GTP na GDP. Huyu anaitwa RAS, na kazi yake kubwa ni kupitisha amri ya seli kukua na kugawanyika. Jina lake limetokana na uvimbe wa saratani wa panya, kwani alijulikana kwanza kupitia virusi vya panya vilivyoelezwa na Jennifer Harvey mwaka 1964 na Werner Kirsten mwaka 1967.

RAS ni mzito wa kujizima. Akiachwa peke yake hukaa na GTP kwa muda mrefu, hivyo humtegemea msaidizi aitwaye GAP, aliyegunduliwa mwaka 1987, ambaye huharakisha ukataji wa fosfeti hadi mara 100,000. Mwaka 1982 maabara kadhaa za Marekani ziligundua kwa wakati mmoja kwamba jeni la RAS kutoka saratani ya kibofu cha mkojo cha binadamu lilitofautiana na lile la mtu mzima wa afya kwa herufi moja tu. Herufi moja katika jeni zima. Kwa ajili yake, asidi amino ya 12 katika protini hiyo, ambayo ni ndogo kuliko zote, ilikuwa imebadilishwa na nyingine kubwa kidogo. Ukubwa huo mdogo unamzuia GAP asiweze kufanya kazi yake. Swichi inabaki imewaka, na seli inasikia "gawanyika" mchana na usiku.

Makosa ya RAS hupatikana katika karibu saratani moja kati ya kila tano za binadamu. Katika saratani ya kongosho, ile ya kawaida, hupatikana kwa takriban wagonjwa tisa kati ya kumi. Ungedhani basi kwamba dawa ya kumzima RAS ingepatikana upesi. Haikuwa hivyo. RAS huishika GTP kwa nguvu kubwa mno, na GTP imejaa tele ndani ya seli, kwa hiyo dawa haina nafasi ya kuing'oa. Aidha, uso wa protini hiyo ni laini kama jiwe la mto, hauna shimo la dawa kujishika. Kwa miaka thelathini hivi, RAS aliitwa asiyetibika, na kampuni nyingi zikaachana naye.

Njia ilifunguka mwaka 2013. Kundi la Kevan Shokat katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilichagua kosa moja mahususi, ambamo ile asidi amino ya 12 imegeuka kuwa sisteini. Sisteini ina salfa inayopenda kushikana na kemikali fulani. Watafiti hao walitafuta molekuli za kuinasa salfa hiyo, na walipozipata waliona kwamba chini yake pana kijishimo ambacho hakikuwa kimeonekana katika picha za awali. Molekuli ikishika hapo, humfunga RAS akiwa amelala na GDP yake. Yaani dawa haipambani na swichi iliyowaka. Inaingojea izimike kwa bahati, kisha inaizuia isiwake tena.

Kutokana na wazo hilo, dawa ya sotorasib iliidhinishwa Marekani Mei 2021 kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya mapafu, ikifuatiwa na adagrasib Desemba 2022. Kosa hilo la sisteini hupatikana katika takriban asilimia 13 ya aina ya saratani ya mapafu iliyo ya kawaida zaidi katika nchi za Magharibi, na wengi wa wenye kosa hilo ni watu waliowahi kuvuta sigara. Katika jaribio lililotangulia idhini ya sotorasib, uvimbe ulisinyaa kwa kiwango cha kuhesabika kwa asilimia 37 ya wagonjwa, na kwa nusu yao ugonjwa ulikuwa umeanza kusonga tena ndani ya miezi saba. Seli za saratani huzalisha RAS mpya, au hufungua njia nyingine za kupitisha amri ile ile. Ndiyo maana majaribio ya sasa huiunganisha dawa hiyo na nyingine zinazofunga njia za pembeni, na watafiti wengine wanawinda kosa jirani, ambamo asidi amino ya 12 imegeuka kuwa asidi aspatiki. Hilo ndilo linaloongoza katika saratani ya kongosho, na halina salfa ya kushikika.